Bwana Kanti na Mtani wa Baba Yake

Macho ndiyo yaliyonistaafisha, si uzee. Nywele zangu bado nyeusi, na magoti yanapanda baiskeli kutoka Isevya hadi sokoni bila kunung'unika. Lakini mtu anayepanga herufi za risasi, ndogo kama punje za ulezi, tena zote zimegeuka kinyume, akishaanza kuzitazama mara mbili mbili, ni heri aondoke kabla hajamwozesha bwana harusi kwa mama mkwe wake. Basi nimeondoka. Ninyi vijana mlioshika kijichuma changu cha kupangia mmeniuliza kazi ilikuwaje huko nyuma, na hasa mmeniuliza habari za Bwana Kanti, ambaye ninyi mnamwona akipita na gari lake na kuinua mkono. Nitawaambia ninavyokumbuka. Darasa nililofika ni la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa shati jeupe. Kila mmoja wetu alifanya kosa hilo, na hakuna aliyelirudia. Nilikuwa nimetoka Kigwa kwa treni na ndoto kichwani: nilidhani mtu akifanya kazi gazetini, jina lake hutoka gazetini. Mlangoni alisimama mtu mnene mwenye aproni nyeusi kwa wino, akanitazama shati.

"Karibu, bwana harusi," akasema. "Bibi harusi yule pale." Akanionyesha mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi, mzee. Wa Kigwa."

"Alhamdulillahi," akasema, akanibebesha kasha la herufi ambalo karibu linivunje shingo. "Nilikuwa naomba mpagazi, nimeletewa."

Huyo ndiye Mzee Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mkuu wa mashine. Alinifundisha kazi kwa miaka, na sikumbuki siku aliyonifundisha bila kunikebehi. Mnajua wenyewe: babu zetu walibeba pembe na mizigo kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani, na mwisho wa njia ndefu walikuta vijiji vya Wazaramo. Waligombana sana juu ya maji na chakula, mpaka ugomvi ukageuka kuwa utani, na utani ukawa undugu. Mzaramo anaweza kumwita Mnyamwezi punda wa msafara mbele ya wakwe zake, naye akacheka. Na Mnyamwezi akifiwa, Mzaramo huyo huyo ndiye anayekuja kuchafua huzuni kidogo, ili watu wapate kupumua.

Niwaambie kazi ya Mzee Pazi ilivyokuwa, maana siku hizi rola zinakuja tayari kwa meli. Zetu tulizipika wenyewe. Rola ya wino ilikuwa gundi iliyoyeyushwa na kitu kitamu cha kuilainisha. Wenzetu wa mbali walitia sukari guru, sisi tulitia asali ya miombo, kwa kuwa hapa ndiyo rahisi. Ilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, rola zililainika kwa joto mpaka ungedhani unachapa kwa ulimi wa ng'ombe. Na sisimizi walizipenda. Kila jioni tulizitundika kwenye kichanja ambacho miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji. Asubuhi ukisahau maji, unakuta rola ina vishimo, na gazeti zima linatoka lina ndui.

Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Dayal, baba yake Kanti. Babu yake Kanti alifika na msafara, akiwa na mabunda ya nguo. Dayal akazaliwa hapa, akafungua kiwanda cha chapa cha kuchapa nembo za mizigo ya nta ya nyuki na kadi za harusi za Wahindi wenzake, halafu akaanzisha gazeti dogo la Kiswahili lenye ukurasa mmoja wa Kigujarati. Lilitoka Alhamisi, na watu wakaliita hivyo tu: la Alhamisi. Lilipanda treni likashuka kila stesheni, na pale mtu mmoja anayejua kusoma aliwasomea wengine wote.

Bwana Dayal alikuwa mwembamba, mkali kwa karatasi zinazopotea, na alijihesabu kuwa Mnyamwezi. "Mimi Mnyamwezi asiyekula nyama," alikuwa akisema. Mzee Pazi alimkubalia kwa furaha, maana ilimpa mtani mwenye mali. Kutwa walikuwa wakirushiana maneno juu ya mashine.

"Pazi, mashine inapiga kelele kama ngoma ya kwenu. Huwezi kuinyamazisha?"

"Inalia njaa, bwana. Imezoea mikono ya mtu aliyeshiba."

Kanti sikumkuta. Alipelekwa Bombay kusoma akiwa mdogo, akarudi mtu mzima, miwani usoni, Kiswahili chake safi lakini kimekaza kama kola mpya. Alikuwa na jicho kali la biashara kuliko baba yake. Aliona karanga zinavyopakiwa kwenda mbali, akatia fedha katika kinu cha mafuta hapa hapa, nacho kikasimama. Akaingia katika biashara ya nta pia. Watu wakasema sasa gazeti litafungwa, kwa kuwa halina faida. Hakulifunga. Alikuwa na moyo mzuri, hilo nililiona mapema. Ukiuguliwa na mtoto, ulikuta dawa imeshalipiwa. Lakini alitoa kama mtu anayekimbia: anakukabidhi kitu macho yameangalia pembeni, anaondoka. Nasi tulipokea macho yameangalia chini. Hakuna aliyejua kumwambia neno.

Bwana Dayal alikufa siku ya Jumatano, amekaa kitini, ameinamia meza yake. Jioni ile walimchoma kama ilivyo desturi yao. Sisi tulipanga habari zake kwa herufi kubwa zaidi tulizokuwa nazo, tukazungushia mistari myeusi, na Mzee Pazi akachapa bila kusema neno hata moja. Alhamisi, gazeti lilipokwisha kupanda treni, tukaenda msibani.

Sebule ilikuwa imetandikwa shuka nyeupe, watu wameketi chini kimya. Kanti alikuwa mbele, amenyoa kichwa chote, kama mtoto wa kiume anavyofanya kwao. Tuliketi karibu na mlango. Mzee Pazi hakuingia nasi. Tulidhani amekwenda kuoga.

Kisha akatokea. Aproni yake ya wino kiunoni, na kichwani kofia nyeusi ya marehemu, ile iliyokuwa ikitundikwa ukutani kiwandani. Akapita katikati ya shuka nyeupe kwa mwendo wa Bwana Dayal mwenyewe, mikono nyuma, shingo mbele, akaketi mahali pake, akaomba chai katika kikombe chake.

"Jamani, mwacheni Mnyamwezi aitwe Mnyamwezi," akasema kwa sauti. "Mmewahi kuona mtu anayekufa kwa hesabu namna hii? Angekufa Ijumaa, angengoja wiki nzima kutangazwa. Akachagua Jumatano, atoke kesho yake ukurasa wa mbele, tena bure."

Mimi nilicheka. Machozi yalikuwa yameningoja tangu jana, yakapata njia. Mama Kanti, kwenye kona ya wanawake, alijifunika uso na mabega yakatikisika.

Kanti akasimama. "Vua kofia ya baba yangu."

"Njoo uivue, mpagazi," akajibu Mzee Pazi, amefurahi kwamba kijana ameingia mchezoni.

"Toka nje. Na kazini usirudi."

Hapo Mzee Pazi akacheka zaidi, akatutazama sisi wengine tushuhudie jinsi mtoto wa mtani wake anavyojua kujibu. Tukainamisha vichwa. Ndipo akamtazama Kanti usoni tena, na kicheko kikamfia mdomoni. Akavua kofia, akaikung'uta, akaiweka juu ya shuka. Akatoka kinyumenyume, kama anayemwacha mfalme.

Msidhani kiwanda kilisimama. Mzee Pazi alikuwa amenifundisha kupika rola, nikazipika. Gazeti lilitoka wiki iliyofuata, safi tu. Ila tulifanya kazi kama watu walio hospitali. Mashine ile ile, na hakuna wa kuitukana.

Mama Kanti hakuwa na kawaida ya kuja kiwandani. Siku moja alikuja, shali nyeupe kichwani, akasimama karibu na meza yangu akatazama huku na huku.

"Pazi anaumwa?" akaniuliza.

Kabla sijajibu, Kanti akatoka ofisini. "Nimemwondoa, mama. Alitutukana msibani."

Mama akazungumza kwa Kiswahili, nadhani kusudi nami nisikie. "Mke wa Pazi alipokufa, baba yako alikwenda kwao Isevya. Alijifunga kanga ya wanawake kiunoni, akalala kizingitini, jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Wakampa. Akarudi naye hapa, ameshikwa miguu, sisi tusiokula nyama. Kuku yule tumemlea mpaka akafa kwa uzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umezaliwa hapa," mama akasema, akaondoka.

Kanti alikaa ofisini siku nzima mlango umefungwa. Kesho yake alifanya kile alichokijua. Alinunua baiskeli mpya kabisa, ina taa na kengele, akamtuma dereva aipeleke Isevya pamoja na salamu zilizopangwa vizuri: kwamba amekosa, anaomba radhi kwa unyenyekevu, na kazi yake inamngoja.

Saa chache baadaye tulimwona Mzee Pazi barabarani. Hakuwa ameipanda ile baiskeli. Aliikokota kwa mkono, mbali na mwili wake, kama mtu anayemrudisha mbuzi wa jirani. Akaiegemeza ukutani, akaniita nje.

"Mpe bwana wako."

"Mzee, amekuomba radhi. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Mihayo," akaniambia, na aliponiita kwa jina langu nilijua mambo ni mabaya, "baba yake hajaniomba radhi hata siku moja, na tumetukanana maisha yetu yote. Unamwomba radhi mtu uliyemkanyaga njiani, usiyemjua. Basi mimi nimeshakuwa mtu wa njiani. Treni ya kesho narudi Kisarawe."

Nilimwambia Kanti kila neno. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa nifanye nini?"

"Umtukane, bwana."

Mnacheka. Mimi nilikuwa nasema kweli, na kijana yule alinitazama kama nimemwambia aruke juu ya paa. Mchana ule nilijaribu kumfundisha. Nilipanga herufi huku nikimtajia: mla nazi, mvivu wa ngoma, mtu anayemsikia simba akadhani ni mgeni anapiga hodi. Alirudia kila kimoja kwa sauti ya kusoma orodha ya bei. Nikamwambia anijaribie mimi, anifanye Mzaramo. Akajikohoza, akavuta pumzi.

"Wewe Mzaramo," akasema, "hujambo lakini?"

Nikaona kazi imenishinda. Mwalimu hakuwa mbaya, ila mwanafunzi alikuwa mpole mno.

Kesho yake niliomba ruhusa nikamsindikize mzee. Stesheni ilikuwa imejaa kama kawaida ya treni ya pwani: matenga ya kuku, magunia ya mpunga, watu wanaokwenda kukata mkonge Tanga na wake zao wanaolia. Mzee Pazi alikuwa na sanduku moja la mbao na godoro lililokunjwa. Kanzu yake ilikuwa safi, nami sikuzoea kumwona bila wino. Kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia.

Nikamwona Kanti anakuja kati ya watu, kichwa kinang'aa juani, anatembea haraka kama anayeogopa miguu yake isije ikamrudisha nyuma. Hakunisalimu. Hakumsalimu mzee. Alifika, akaketi juu ya sanduku la Mzee Pazi, akakunja mikono.

"Msafara huu ni wa nani?" akauliza kwa sauti kubwa.

Mzee Pazi akageuka polepole. "Unasemaje?"

"Nimeuliza msafara ni wa nani. Hapa Unyanyembe. Wazaramo hawapiti hapa hivi hivi. Watoe hongo kwanza." Alisema hongo kwa maana ile ya zamani, ushuru ambao misafara iliwalipa watemi ili wapite katika nchi zao. Hilo mimi sikumfundisha. Nadhani alilitoa katika hadithi za babu yake.

Watu waliokuwa karibu wakaanza kutazama. Mzee Pazi akamtazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Mtemi gani huyu, kichwa kama yai la mbuni?"

"Mtemi aliyefiwa na baba," Kanti akajibu.

Mzee Pazi akahamisha godoro kutoka bega hili hadi bega lile.

"Unataka hongo gani? Sina nguo, sina shanga. Nina godoro, lina kunguni wa Kinyamwezi."

"Nilikukatiza utani wa baba yangu," Kanti akasema. "Ulikuwa hujaumaliza. Umalize hapa, ndipo upite."

Mzee Pazi alisimama hivyo, midomo inacheza. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya sanduku, sijui ya nini. Halafu akaweka godoro chini, akaketi juu yake, akakabiliana na Kanti, magoti kwa magoti.

"Baba yako," akaanza, "alikuwa bahili mpaka nzi wakiingia katika kopo la wino aliwakamua kabla hajawatupa."

Abiria mmoja akacheka.

"Baba yako alijiita Mnyamwezi, na siku niliyompa mzigo wa karatasi aubebe, aliita rikwama. Baba yako alisoma gazeti lake mwenyewe kwa kuazima, asichakaze la kuuza. Na siku mke wangu alipokufa," akasema, na hapo akatua, "alilala mlangoni kwangu na kanga ya maua, na ndiye mtu peke yake aliyenifanya nicheke mwaka ule. Mshenzi mkubwa."

Kanti alikuwa anacheka, miwani ameivua, na machozi yanateremka mpaka kidevuni. Msiba wote sikumwona akilia hata mara moja. Alilia pale, juu ya sanduku la Mzaramo, mbele ya matenga ya kuku, na Mzee Pazi akaendelea kumtajia ubaya wa baba yake mmoja baada ya mwingine, mpaka treni ikapiga king'ora, ikajivuta, ikaondoka. Hakuna aliyeitazama.

"Haya, beba mzigo," Mzee Pazi akasema mwisho. "Si umetaka kuwa Mnyamwezi?"

Kanti akaliinua godoro, akalitwika juu ya kichwa chake kilichonyolewa. Tukarudi mjini hivyo, mwenye kinu cha mafuta mbele, sisi nyuma, na mama zetu wa sokoni wakipiga vigelegele.

Kuanzia hapo mnajua mengi. Alijenga darasa huku, akasomesha watoto kule, na la Alhamisi likaendelea kutoka. Ninachotaka mkijue ni kwamba tangu siku ile hakutoa kitu bila kumchukua Mzee Pazi. Mwanzoni nilidhani ni heshima tu kwa mtu mzima. Nilielewa siku ya kufungua kisima kwetu Kigwa.

Kilikuwa kisima kizuri, kimejengewa ukuta wa mawe, kina kapi na mnyororo. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alishukuru kwa hotuba ndefu, nasi tukapiga makofi macho yakiwa chini, kama desturi. Ndipo Mzee Pazi akasimama ukingoni, akachungulia ndani.

"Kirefu," akasema. "Mnyamwezi huyu alikuwa anamtafuta nani huko? Au amezika mali humu, anataka ninyi mumlindie?" Akaendelea hivyo, mpaka Kanti akamjibu kwamba kisima kimefanywa kirefu kusudi Mzaramo akitumbukia asisikike. Kijiji kikaangua kicheko. Kilipotulia, shangazi yangu mdogo, mwenye mtungi wake kichwani, akasema kutoka nyuma:

"Bwana, kisima ni kizuri. Lakini sisi hatutakitumia."

Mwanangwa akataka kumnyamazisha. Kanti akainua mkono. "Kwa nini, mama?"

"Umekichimba mbele ya baraza la wanaume. Kutwa wamekaa pale wanahukumu kesi. Sisi tuje kuinama hapa, wakwe zetu wanatutazama nyuma? Tutaendelea kwenda kijitoni."

Mafundi, mwanangwa, mimi mwenyewe mzaliwa wa Kigwa, hakuna aliyelifikiria hilo.

"Mbona hukusema tulipoanza kuchimba?" Kanti akauliza.

"Ningekuambia vipi? Ulikuja umesimama kama mlingoti wa bendera. Leo nimeona huyu mtu wa pwani anakusema nawe unacheka. Nikasema, basi hata mimi."

Kanti akamwangalia Mzee Pazi, Mzee Pazi akaangalia mawingu. Kisha akamwomba shangazi amwonyeshe mahali ambapo wanawake wanapataka. Wakaenda, yeye na wanawake wote, hadi nyuma ya mashamba ya mihogo, na huko ndiko kilichimbwa cha pili.

Kile cha kwanza kipo mpaka leo mbele ya baraza. Wazee wanaohukumu kesi hushikwa na kiu, na wake zao hawaji kule. Wamejifunza kuvuta mnyororo wenyewe.